Waifai inakataa ku Linux: anzia ku kile unaona, apana ku komandi

Mara mingi inaenda hivi: mutu ameingiza Linux ku mashini yake, ekra inawaka muzuri, sauti inatoka, video zinacheza, kisha anatafuta waifai pale juu ku kona, haiko. Ao iko lakini haikamati. Hapo njo anaanza kukopi komandi za kila mahali, sudo hii, sudo ile, na mwishoni hawezi tena kujua shida ya mwanzo ilikuwa gani na ile ameongeza mwenyewe ni gani. Batu bengine banafuta kila kitu na kuingiza Linux upya, na shida inarudi ileile, juu kuingiza upya hakubadilishi ile karti ya waifai yenye iko ndani ya mashini.

"Waifai haitembei" si shida moja. Kuna wakati mashini haioni karti yake, kuna wakati inaiona lakini imezimwa, kuna wakati inaona rezo zote za kartie isipokuwa yako, kuna wakati inakataa kode, na kuna wakati imekamata kabisa lakini hakuna kitu inafunguka. Kila moja iko na sababu zake. Kwa hiyo angalia yako ni gani, nenda ku kipande yake hapa chini, zingine uziache.

Kwanza intaneti ya kuazima ku telefone

Karibu kila dawa ya hapa inaomba intaneti, na intaneti njo kitu hauna. Usitoke kwenda kutafuta sibere. Kamata telefone ya Android yenye mega, kamata kable yake, chomeka ku mashini, ingia mu parametre za telefone, «Partage de connexion», washa «Via USB». Kisha sekonde kidogo Linux itaona telefone kama rezo ya kable, bila kukuomba draiva (programu yenye inafundisha Linux kutumia chombo) yoyote. Na kama telefone yenyewe imekamata waifai ya nyumba, ile waifai njo itapita mu kable, mega zako hazitaguswa. Angalia tu kable: zile za bei ya chini zenye zinauzwa ku meza za Birere, huku kwetu Goma, zingine zinapitisha kuranti tu, data hapana. Telefone itasharijiwa vizuri lakini «Via USB» itabakia ya kijivu, haibonyezeki. Badilisha kable kabla ya kulaumu Linux. iPhone nayo inaweza, ila kwanza ukubali ile swali ya kuamini mashini yenye inatokea ku ekra yake.

Ninyi wenye muko karibu na mupaka, upande wa Petite Barrière, angalieni telefone isikamate rezo ya Gisenyi, kule Rwanda, juu mega za huku hazitakusaidia kule na utakesha ukitafuta kosa mu Linux. Chagua operatere yako mwenyewe mu parametre, usiache ku otomatiki.

Kitu ingine, na hii inauma ku mufuko: Linux mupya ikinusa intaneti inaanza kujishushia mizajuru. Ubuntu (moja ya aina za Linux, kama Mint na Debian) sana sana, na snap zake, ile njia yake ya kushusha programu. Mega zenye ulinunua ya siku nzima zinaweza kuisha mbele hujafungua hata ukurasa moja. Iambie kwamba hii koneksio inalipiwa:

nmcli connection modify "Connexion filaire 1" connection.metered yes

sudo snap set system refresh.metered=hold

Ile "Connexion filaire 1" ni jina lenye nmcli connection itakuonyesha, kwako inaweza kuwa ingine. Komandi ya pili ni ya Ubuntu tu, Mint na Debian hawana haja nayo kama haujaweka snap.

Klavye, mbele ya kufungua terminali

Hii inaonekana ndogo lakini njo inakamata wanaoanza. Mashini mingi za okazio huku kwetu ziko na klavye ya AZERTY, na wakati wa kuingiza Linux mutu anabonyeza "suivant, suivant" bila kuangalia, anajikuta na QWERTY ya Marekani. Unaandika a inatoka q, unaandika m inatoka alama ya nukta na mukato (;), na komandi haiwezi kukubali. Tena AZERTY ziko mbili: zile zenye zimetoka Ubelgiji si sawa na za Ufaransa. Ule mustari wa kusimama, |, wenye utatumika sana hapa chini, ku klavye ya Ufaransa ni AltGr na 6, ku ya Ubelgiji ni AltGr na 1. Kale kamustari -, ku ya Ufaransa iko ku 6 bila Shift, ku ya Ubelgiji iko pembeni ya mabano ya kufunga. Ukienda mu parametre za klavye chagua «Français» ao «Belge» kufuatana na kile kimeandikwa ku vibonyezo vya klavye, kisha jaribu kuandika mu faili ya kawaida. Terminali, ile dirisha ya kuandikia komandi, inafunguka na Ctrl+Alt+T ku Ubuntu na Mint.

Kama uko ku Debian na inakuambia hauko mu sudoers (batu wenye kuruhusiwa kutumia sudo), ni juu uliweka kode ya root (mukubwa wa mashini) wakati wa kuingiza. Andika su - , weka ile kode, kisha komandi zote za hapa uziandike bila neno sudo.

Hakuna hata alama ya waifai

Mu parametre unaona kable na Bluetooth, waifai hakuna kabisa. Uliza mashini iko na karti gani:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Kama waifai yako ni ka dongo ka USB (kale kachombo ka waifai ka kuchomeka inje), tumia lsusb nafasi ya lspci. Soma jibu pole pole. Kuna jina la karti, kuna namba mbili mu mabano ya mraba, mufano [14e4:4365], na chini yake inaweza kuwa na mustari "Kernel driver in use". Ile namba njo kitambulisho cha karti, na ina nguvu kuliko jina la mashini: HP mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na karti mbili tofauti ndani. Nusu ya kwanza inakuambia nani alitengeneza: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek.

Sasa kuna njia tatu.

Hakuna mustari wowote wa karti. Basi Linux haina hatia, haioni chombo. Ingia mu BIOS (parametre za mashini yenyewe, zenye zinafunguka mbele Linux haijawaka) uone kama wireless imezimwa kule. Kama iko wazi, karti inaweza kuwa imelegea ao fundi aliitosha, fungua mashini uangalie, na zile nyaya mbili ndogo za antena uzione kama zimebana. Ukitaka kubadilisha karti, ujue kama HP za zamani na ThinkPad za zamani ziko na orodha ndani ya BIOS ya karti zenye zinakubali, ingine ukiweka mashini inakataa kuwaka. Dongo ya USB ni amani zaidi.

Mustari uko, na "driver in use" iko, lakini waifai bado haiko. Hapo mara mingi fimwea njo inakosekana. Draiva inaweza kuwa pale na fimwea haiko, ni sawa shofere ameketi mu motokari bila ufunguo. Fimwea ni faili ndogo yenye draiva inaingiza ndani ya karti kila mashini ikiwaka. Uliza:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ukiona "failed with error -2", -2 inasema faili haikupatikana. Hii sana sana utaipata ku Debian. Zamani ISO rasmi (faili za kuingizia Linux) za Debian hazikubeba fimwea zenye si huru, ilikuwa msimamo wao, mpaka walipiga kura mu 2022 na kuanzia Debian 12 ya 2023 fimwea zinakuja ndani. Lakini huku ISO zinatembea ku klé USB toka mukono ku mukono, na utakuta mutu bado anaingiza Debian 11 ao 10 yenye alipewa na rafiki. Kama njo yako, na hauna sababu ya kubakia pale, shusha 12 ao yenye imetoka kisha yake, itakupunguzia mateso. Kama unabakia, fungua /etc/apt/sources.list, mwisho wa kila mustari wa deb ongeza contrib non-free (ku Debian 12 neno ni non-free-firmware), kisha:

sudo apt update

sudo apt install firmware-iwlwifi

Hiyo ni ya Intel. Realtek ni firmware-realtek, Atheros ni firmware-atheros. Zima mashini, uwashe.

Ku Intel kuna kisa ingine: mashini mupya sana na Linux ya zamani sana. Karti imetoka kisha kernel (kiini cha Linux), kernel haiijui. Hapo hakuna fimwea ya kuweka, unahitaji toleo mupya la Linux yenyewe.

Mustari uko, lakini "driver in use" haiko. Draiva njo haiko, na hapa karibu kila mara jina ni Broadcom ao Realtek.

Broadcom, tuzungumze juu yake peke yake

Hii njo imefukuza batu bengi ku Linux. Karti kama 14e4:4365, yenye iko mu HP, Dell na Lenovo mingi za bei ya chini, na zile za MacBook za zamani, zinaomba draiva ya Broadcom yenyewe yenye inaitwa wl, na Linux mingi haziiwashi tangu mwanzo. Na telefone yako imechomekwa ku kable, ku Ubuntu fungua «Pilotes additionnels», ku Mint «Gestionnaire de pilotes», ngojea itafute, itakuonyesha draiva ya Broadcom, chagua, kubali, washa mashini upya. Ni hiyo tu. Usikopi komandi za mwaka wa 2012 zenye zinakuambia ushushe faili na kuijenga mwenyewe na make, zimepitwa.

Ku Debian hakuna ile dirisha, ni:

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

na non-free lazima iwe imewashwa mu sources.list. Ile linux-headers usiiruke, bila hiyo draiva haijengwi na haitakuambia kwa sauti, itanyamaza tu.

Kuna moja yenye ni tofauti, 14e4:4315, karti ya BCM4312 ya mashini za zamani. Hii inaweza kutembea na wl ao na b43, draiva ingine. Kama wl inakusumbua, ondoa broadcom-sta-dkms na uweke firmware-b43-installer. Usiache zote mbili pamoja, zinagombana juu ya karti moja na hakuna yenye itashinda.

Umefanya yote na bado? Andika sudo modprobe wl. Kama inajibu "Key was rejected by service" ao "Required key not available", hiyo ni Secure Boot: BIOS inakataa draiva yenye haina sahihi. Wakati wa kuingiza draiva Ubuntu ilikuomba utunge kode, bengi banaandika kitu chochote na kusahau. Ukiwasha upya, kuna ekra ya bluu inatokea, MOK, unachagua «Enroll MOK» na kuweka ile kode. Ukiipita bila kusoma, haitarudi yenyewe. Kwa mwenye anaanza mimi naona bora kuingia mu BIOS na kuzima Secure Boot, moja kwa moja. Kwa mashini ya nyumbani ya kujifunzia hiyo haina neno kubwa. Ila kama uko na Windows pembeni yenye imefungwa na BitLocker, tafuta kwanza ile kode yake ndefu ya kufungulia mbele ya kugusa BIOS, la sivyo Windows itakuomba na hautakuwa nayo.

Realtek haina makelele sana siku hizi. RTL8821CE, 10ec:c821, zamani ilikuwa lazima ujengewe draiva, lakini kernel za sasa zinaijua, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuweka kernel mupya kupitia mizajuru ya kawaida.

Waifai iko lakini inasema imezimwa

Unaona neno «indisponible», ao kile kibonyezo kinarudi nyuma kila ukikiwasha. Andika:

sudo rfkill list

Itakupatia mistari mbili kwa kila chombo, "Soft blocked" na "Hard blocked". Kama Soft ni yes, ni programu njo imezima:

sudo rfkill unblock all

nmcli radio wifi on

Kama Hard ni yes, hakuna komandi ya moja kwa moja yenye itafungua, tafuta swichi ku mashini yenyewe. Dell Latitude za zamani kama E6420 ziko na swichi kadogo ku ubavu, ThinkPad kama T420 na X220 nazo, na mutoto ao ile sakoshi ya mashini inaweza kuisukuma bila wewe kujua. HP inatumia kibonyezo ku klavye chenye taa, taa ikiwa ya machungwa imezimwa. Mashini zingine ni Fn na moja ya F zenye iko na picha ya antena.

Swichi haiko na Hard bado ni yes? Kama ni Lenovo ya IdeaPad ao Yoga, jaribu:

sudo modprobe -r ideapad_laptop

Kama waifai inafufuka palepale, ile modyuli njo ilikuwa inasoma swichi yenye haiko. Kuizuia kwa kudumu:

echo "blacklist ideapad_laptop" | sudo tee /etc/modprobe.d/ideapad.conf

Na kama uko na Windows na Linux ku mashini moja, na waifai inakufa tu wakati umetoka Windows, basi Windows haizimike kabisa. Ile «Démarrage rapide» inafanya ilale nusu, na karti inabakia mikononi mwake. Ndani ya Windows fungua cmd kama administratere, andika powercfg /h off, kisha zima mashini kabisa, kama batri inatoka itoshe, bonyeza buto ya kuwashia sekonde makumi tatu, rudisha.

Neno moja la Debian: nmcli device ikikuandikia «non-géré» mbele ya waifai, ni juu uliingiza Debian kupitia waifai na ikaandika karti mu /etc/network/interfaces. NetworkManager, programu yenye inachunga rezo, ikiona jina pale inaiacha. Futa mistari yenye jina la karti yako (wlp kitu fulani), zile za lo uziache, kisha sudo systemctl restart NetworkManager.

Inaona rezo za majirani, yako apana

Hapa karti ni muzima, usiguse draiva. Sababu ya kwanza ni telefone ao ruta yenye inatoa 5 GHz na karti yenye inajua 2,4 tu. Telefone za sasa zikifungua partage zinapenda 5. Ingia mu parametre za partage, tafuta «Bande», weka 2,4 GHz.

Ya pili ni kanali. Ruta ikijiweka ku kanali 12 ao 13, karti yenye inafuata sheria za Marekani haitaisikia, na mashini za okazio zingine zilitengenezwa kwa soko ya kule. Ingia mu ruta, weka kanali 1, 6 ao 11. Kama ruta si yako, muombe mwenyewe, ni kazi ya dakika kidogo.

Inaomba kode, unaweka, inaomba tena

Rudia kipande ya klavye. Kweli. Bonyeza kale kajicho kenye kanaonyesha kode na usome kile kimetoka, apana kile vidole vyako vinafikiri vimeandika. Kode yenye namba inasumbua zaidi juu ku AZERTY namba zinaomba Shift.

Kama kode iko sawa herufi kwa herufi, sahau ile rezo uanze mupya, juu Linux inashika kode ya zamani na kuirudilia:

nmcli connection delete "Jina la rezo"

nmcli device wifi connect "Jina la rezo" --ask

Bado? Angalia usalama wa partage ya telefone. Ikiwa ni WPA3 peke yake na karti yako ni ya zamani, hazitasikilizana, weka WPA2. Na kuna maruta, sana sana za ofisi ao za mutu mwenye anakulipisha kwa mwezi, zenye zinaandikisha namba ya MAC (namba ya karti ya rezo) ya kila mashini. Utapata MAC yako na ip link, ni ile namba pembeni ya link/ether, muletee aandikishe. Angalia tu kama mu parametre za rezo haukuchagua MAC ya kubadilika-badilika, la sivyo ile ameandikisha leo kesho si yako.

Imekamata, lakini hakuna kitu inafunguka

Fanya ping (kuita mashini ingine uone kama inajibu) kwa utaratibu, kila hatua inaondoa mushukiwa moja.

ip route

Ile namba kisha "default via" ni ruta. Ipige ping, mufano ping -c 4 192.168.1.1. Ikijibu, waifai imemaliza kazi yake, shida iko mbele. Piga ping -c 4 1.1.1.1. Ikinyamaza, intaneti yenyewe haiko: mega zimeisha, abonema imekatika, ao kuranti imeenda kwa mwenye antena huku kwako ruta inawaka na batri yake. Jaribu telefone ku waifai ileile mbele ya kupoteza usiku ku terminali. Tena uzime mega za telefone wakati wa kujaribu, juu zikiwaka telefone itakudanganya kwamba waifai ni muzima.

Kama 1.1.1.1 inajibu lakini ping -c 4 debian.org haijibu, ni DNS, ile yenye inageuza jina la saiti kuwa namba:

nmcli connection modify "Jina la rezo" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes

nmcli connection up "Jina la rezo"

Kama yote inajibu lakini navigatere inalia juu ya usalama ku kila saiti, angalia saa. Mashini za okazio mara mingi kabatri ka ndani kamekufa, kila ukichomoa kuranti tarehe inarudi miaka ya nyuma, na saiti za https zinakataa mashini yenye inaishi mu mwaka ingine. Apt nayo itasema "is not valid yet". Andika timedatectl uone. Kwetu Goma eneo la saa ni Africa/Lubumbashi, si Kinshasa, wao wako saa moja nyuma yetu:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

sudo timedatectl set-ntp true

Kama saa haijirekebishi, iweke mukono mu parametre, kisha tafuta fundi abadilishe kabatri, si bei.

Ku oteli ao ku sibere yenye inaomba tiketi, ule ukurasa wa kuingia unaweza kukataa kutokea. Andika http://neverssl.com mu navigatere, na s isikuwe, utasukumwa ku ukurasa wao.

Inakatika-katika, ao ni polepole sana

Mushukiwa wa kwanza ni kuchunga batri. Karti inalala kidogo kidogo na zingine haziamki vizuri. Zima kwa muda uone, weka jina la karti yako nafasi ya wlp2s0:

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Ikitulia, ku Ubuntu fungua /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, badilisha 3 kuwa 2, washa mashini upya.

Kama uko na HP yenye Realtek RTL8723BE, na waifai ni nguvu ukikaa juu ya ruta lakini inakufa ukivuka mulango, hiyo ni antena. Zile HP zilitoka na antena moja, draiva inachagua tundu lenye halina kitu:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Washa upya. Kama inaharibika zaidi, weka 1.

Kununua dongo

Kuna wakati kupigana hakuna faida. Ka dongo ka USB kenye karti ya kueleweka kanashinda siku mbili za kusumbuka na Broadcom. Zenye Linux inazijua bila maneno ni AR9271 (lsusb inaonyesha 0cf3:9271), RT5370 (148f:5370) na MT7601U (148f:7601). Muuzaji hatakuambia chip ni gani, juu ya karatasi imeandikwa tu "wireless" na megabiti za uongo, kwa hiyo enda na mashini yako, chomeka palepale ku duka, andika lsusb, usome namba. Ukiona 0bda:1a2b na neno DISK, usiitupe: ni Realtek yenye inajifanya CD ya draiva za Windows. Eject ile CD mu faili, ao weka usb-modeswitch, na itajigeuza, lakini bado utahitaji bahati ku draiva, kwa hiyo kama kuna ingine ku meza chukua ingine.

Na kama ni mashini nzima ya okazio unaenda kununua, beba klé yenye Linux, omba waiwashe nayo bila kuingiza kitu, fungua partage ya telefone yako ku 2,4, ukamate, ufungue ukurasa moja, kisha njo mwanze kuzungumza bei.